Mbuzi Watatu kwa Mzee Kiema

Siku ya soko Emali huna pa kuweka mguu, sembuse pa kuketi. Malori ya Mombasa yamejipanga upande huu, kina mama wa nyanya na tikitimaji upande ule, katikati mikokoteni na pikipiki zinapigania njia, na kila mtu anapiga kelele kana kwamba mwenzake ni kiziwi. Ndila alikuwa ametoka Kitui mapema, viatu vya visigino virefu vimeshaanza kumla vidole, na mkutano ulikuwa bado nusu saa. Akaona matofali mekundu yamepangwa vizuri chini ya turubai. Akaketi. Mtu akichoka afanye nini?

"Dada, samahani," sauti ikasema nyuma yake. "Hayo matofali yametoka kwenye mashine saa hii. Hayajakauka."

Aliruka kama aliyekalia siafu. Gauni lake lilikuwa la kitenge cha manjano, limemshika kiunoni likafunguka magotini, gauni la siku za kukutana na watu wa maana. Nyuma sasa lilikuwa na udongo mwekundu, na si kidogo.

"Na hukuweza kusema kabla sijaketi?"

"Nilikuwa nimeduwaa."

"Umeduwazwa na nini?"

"Usiniulize nijibu, utanikasirikia zaidi." Alikuwa mwanamume mrefu wa suruali ya kaki, shati limekunjwa mikono hadi viwikoni, vidole vimekolea udongo. "Umeharibu manne. Lakini nimekusamehe."

"Wee! Umenisamehe? Mimi ndiye nikusamehe!"

"Basi nisamehe, tumalize."

Ndila alijaribu kuendelea kukasirika, kwa kweli alijaribu, lakini kicheko kilimponyoka. Akanunua leso kwa mama aliyekuwa jirani, akajifunga kiunoni juu ya gauni lake zuri, akaenda zake bila kumwachia hata jina. Nusu saa baadaye alikuwa kwenye meza ndefu ya ofisi ya Shirika la Makao ya Mwethya wakati mlango ulipofunguka, akaingia yule yule wa matofali, tofali moja kalifunga kwa gazeti, akaketi kiti cha kumkabili.

"Huyu ni Wahome," mwenyekiti akasema. "Na huyu ni Ndila, mwenzetu mpya. Kwani mnajuana?"

"Ameyajua matofali yangu," Wahome akasema, na Ndila akainamia kikombe chake cha chai.

Wakamba wana jambo lao linaitwa mwethya. Majirani wanakusanyika, leo wanalima kwako, kesho wanachimba bwawa kwangu. Shirika hilo lilichukua mtindo huo likaufanya wa nyumba: lenyewe linaleta mashine, mabati na milango, watu wanaleta mikono. Bodi ya ushauri ilikuwa watu saba wasiolipwa ila chai na mandazi, na kazi yao kubwa ilikuwa moja, kutembelea vijiji, kuuliza maswali, halafu kupiga kura ni wapi pajengwe mwaka huo. Wakurugenzi hawakuwahi kwenda kinyume na kura hiyo. Watatu walikuwa wa Makueni, watatu wa Kitui, na wa saba alikuwa Wahome, ambaye babake alihamia Emali kutoka Nyeri zamani, kwa hiyo hakuwa na kijiji cha kugombania. Alijua udongo kuliko wote pale, na shirika halikununua kwake hata tofali moja. Mama Syombua alihakikisha hilo.

Mama Syombua ndiye mwenyekiti, matroni mstaafu na mzee wa kanisa. Ukimdanganya anakutazama juu ya miwani mpaka unajisahihisha mwenyewe. Siku hiyo ya kwanza alimsomea Ndila sheria za bodi, na alipofika ya mwisho akaweka karatasi chini.

"Hii naisema kwa mdomo. Ndugu, mkwe, ama mpenzi. Ukiwa na mmoja wao kwenye hii meza, niambie. Mkiniambia, mtatoka wote wawili tukipiga kura, halafu mtarudi. Mkinificha nikajua, mtatoka na hamtarudi. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mama." Ndila alicheka kidogo. Mpenzi! Nani alikuwa na wakati wa mpenzi?

Basi ngoja uone.

*

Simu ya kwanza ilimpata dukani kwake Kitui mjini, kwenye kemisti yake ndogo karibu na soko, koti jeupe mwilini, kalamu sikioni.

"Habari ya gauni?"

"Nani huyu?"

"Ni yule muuaji wa gauni. Nataka kujua kama marehemu alizikwa ama alifufuka."

"Alifufuka kwa sabuni tatu. Wahome, nina mteja."

"Mhudumie, nangoja."

Akangoja kweli. Ndila alimpa mama mmoja dawa ya minyoo, akampa mzee mwingine dawa ya macho, akarudi kwenye simu, na Wahome bado alikuwa hapo, akipiga mbinja. Kesho yake akapiga tena. Mwisho wa Juni hakukuwa na siku ambayo hajapiga, na Julai ilipoisha Ndila alikuwa akijua sauti ya mashine yake ya matofali kama anavyojua sauti ya mlango wa duka lake. Walikutana Machakos katikati ya njia, mahali ambapo hakuna aliyewajua, wakala samaki, wakatembea, wakashikana mikono kama watoto wa sekondari. Alimpenda. Hakuna haja ya kuzungusha maneno. Alimpenda mpaka akaanza kujipaka mafuta mazuri hata siku za kufagia.

Lakini kulikuwa na kura.

Mwaka huo vijiji viwili ndivyo vilivyobaki mezani, Mbumbuni ya Makueni na Tseikuru, kule juu kabisa Kitui. Kimoja kingejengewa nyumba thelathini, na kingine kingengoja hakuna ajuaye mpaka lini. Tseikuru ndiko alikozaliwa Ndila. Jirani na babake aliishi Kalondu, mjane aliyemnyonyesha Ndila miezi miwili mamake alipolazwa hospitali. Nyumba ya Kalondu ilikuwa imeanguka ukuta mmoja mvua za mwisho, na pale palipokuwa na ukuta sasa palifungwa turubai. Analala humo na wajukuu wanne. Krismasi Ndila alimshika mikono, akamwita mama kwa Kikamba: "Mwaitu, nikiingia kwenye hiyo bodi, nyumba yako itakuja." Maneno hayo aliyasema mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha.

"Tumwambie Mama Syombua," Wahome alisema kila mwezi.

"Bado."

"Mpenzi, huyu mama ananiangalia machoni na mimi nanyamaza. Nahisi vibaya."

"Tukisema tunatoka wote wawili. Hesabu mwenyewe. Wanabaki watatu wa Makueni na wawili wa Kitui. Mbumbuni watakuwa wameshinda kabla chai haijapoa."

"Na unajua hata ungekuwa si wangu, kura yangu ingeenda Tseikuru? Udongo wao ni mzuri na wanalala vibaya."

"Sasa kama ingeenda huko tu, tunamwibia nani?"

Wahome alijua kuna jibu la swali hilo, lakini sauti ya Ndila ilikuwa na hofu ndani yake, akaliacha.

"Kura ikipita tunasema siku hiyo hiyo," Ndila akasema. "Naapa, Wahome. Siku hiyo hiyo."

*

Septemba bodi ilikwenda kukagua Tseikuru. Ndila hakwenda, maana sheria ilikuwa mwenyeji haendi kukagua kwao. Yaliyotokea huko alikuja kusimuliwa baadaye, na kila aliyemsimulia aliongeza chumvi yake, lakini mfupa wa habari ni huu.

Walimaliza kazi saa sita. Ilikuwa siku ya mnada wa mifugo, na mbuzi wa Tseikuru siku hiyo walikuwa wamenona sana. Wahome akakumbuka dadake Shiko amemaliza chuo cha uuguzi na familia inapanga sherehe ya kumshukuru Mungu. Akanunua mbuzi watatu, majike wawili na beberu mmoja mweusi. Dereva akawakataa pale pale.

"Gari ya shirika haibebi mbuzi. Hata kuku siwezi."

"Sasa niwapeleke wapi?"

Ndipo Mzee Mbaluka alipofungua mdomo. Huyu alikuwa mjumbe wa Mbumbuni, mwalimu mkuu mstaafu, kofia kichwani mwaka mzima, mtu aliyelea wanafunzi elfu na kuwajua wote kwa uongo wao. "Waache pale kwa Mzee Kiema," akasema polepole. "Ni babake mwenzetu Ndila. Ni mtu mwaminifu sana. Utawafuata wiki ijayo."

Wahome hakuambiwa mara mbili. Baba wa Ndila! Hajawahi kumwona, na sasa amepewa sababu ya kufika na sababu ya kurudi. Akawaswaga mwenyewe mpaka bomani, shati limelowa jasho, tabasamu limejaa uso, akavua kofia.

"Mzee, shikamoo. Mimi ni Wahome, nafanya kazi na Ndila. Naomba kuwaacha hawa mbuzi kwako."

Mzee Kiema aliwatazama mbuzi. Akawahesabu. Akamtazama kijana. Akamwita mkewe Mbinya aje naye awatazame.

"Ndila anajua umekuja?"

"Anajua niko Tseikuru," Wahome akajibu, na kwa kuwa ni mkweli, uso ukamwiva.

"Na unawaacha kwa hiari yako?"

"Kwa hiari yangu kabisa, mzee. Ni mbuzi wa sherehe."

Mbinya akapiga vigelegele. Majirani wakatoka. Wahome akakaribishwa chai, akaletewa kiti chenye mgongo, akashikwa mkono na watu kumi na tano, na akarudi kwenye gari akisema hajawahi kuona watu wakarimu hivyo. Mzee Mbaluka alivuta kofia usoni akajifanya amelala.

Kwa Wakamba, mwanamume akileta mbuzi watatu nyumbani kwa msichana na kuwaacha pale, mbuzi hao wana jina. Wanaitwa ntheo. Wakipokelewa, msichana ni wa huyo mtu. Kanisa linaweza kungoja, mahari inaweza kungoja hata miaka kumi, lakini ntheo ikishaingia, boma limekubali. Na ukija kuwachukua tena, umemrudisha binti wa watu mbele ya dunia nzima. Kweli desturi inataka waletwe na wazee. Lakini Mzee Kiema alikuwa na binti wa miaka thelathini na mmoja mwenye kemisti na asiye na mume, na hakuwa mtu wa kubishana na baraka. Wahome naye, kwao wazee huongea kwanza, tena huongea siku nyingi, ndipo mbuzi watajwe. Hakuwahi kuota kwamba mbuzi wanaweza kufika wakiwa wameshasema kila kitu.

*

"Mbuzi zimefika," Mbinya alisema kwenye simu asubuhi iliyofuata, na hakusema hata habari za asubuhi.

"Mbuzi gani, mwaitu?"

"Usijifanye! Tatu. Na ameleta mwenyewe kwa mguu, jasho linatoka, mtoto wa watu! Babako hajalala. Mbona ulituficha?"

Ndila aliketi juu ya katoni ya glukosi. Wahome! Huyu mtu mkimya, huyu mtu wa matofali, kumbe aliulizauliza desturi ya watu, akanunua, akaswaga, hakumwambia neno! Moyo ulimwenda mbio kwa furaha na kwa woga pamoja. Furaha kwa sababu yeye ni mke wa mtu. Woga kwa sababu kura ilikuwa imebaki wiki mbili, na Tseikuru nzima sasa wanajua. Asubuhi hiyo alimpa mtu wa kikohozi dawa ya ngozi, akamkimbilia mpaka barabarani kumrudisha. Saa saba alifunga mlango wa duka akapiga simu.

"Wewe mwanamume wewe," akasema, na sauti ilikuwa tamu kuliko alivyotaka. "Ungeniambia."

"Nikuambie nini, malaika?"

"Mbuzi."

"Ah, hao! Mamako alikuambia? Nimependa sana kwenu, Ndila. Usijali, nitawafuata Jumamosi."

"Utawafuata?"

"Eeh, Kiilu, kijana wangu wa mashine, anaazima pikapu. Hawatawasumbua."

"Wahome." Alikamata ukingo wa meza. "Wale mbuzi ni wa nini?"

"Wa sherehe ya Shiko. Ni mbuzi tu, mpenzi, mbona sauti imebadilika? Ndila? Ni mbuzi tu."

Alikata. Alibaki amesimama katikati ya duka lake lililofungwa, koti jeupe, mikono mitupu. Alikuwa ameolewa tangu asubuhi mpaka saa saba, na mume mwenyewe hakuwa na habari. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Alikuwa amejipa mume, akafurahi peke yake, akacheka peke yake, na mtu anafikiria pikapu.

Simu ililia mara sita siku hiyo. Hakuishika. Jioni ujumbe ukaingia: *Kiilu amenieleza hiyo desturi yenu. Ngai! Sikujua, naapa. Sitaenda Jumamosi. Shika simu tafadhali.* Ukafuata mwingine, na mwingine, kumi na moja kwa jumla. Aliusoma kila mmoja na hakujibu hata mmoja. Alichotaka kusikia hakikuwa kwamba Wahome hakujua. Hilo lilikuwa limeshamchoma vya kutosha.

*

Siku ya kura Ndila alivaa sketi nyeusi na blauzi nyeupe, kama anayekwenda mahakamani. Wahome alikuwa ameshafika. Macho yake yalikuwa mekundu na alikuwa amenyoa vibaya, na Ndila akajichukia kwa kutaka kumgusa kidevu. Ripoti zikasomwa. Mbumbuni, familia zilizojibanza kwenye mabanda ya mabati nyuma ya soko. Tseikuru, Kalondu na wenzake. Wahome akaeleza udongo wa pande zote mbili kwa haki, bila kumtazama mtu.

"Basi tupige kura," Mama Syombua akasema.

"Kabla ya kura," Mzee Mbaluka akasema, "kuna jambo dogo la mbuzi."

Ndila aliweka kalamu chini.

"Mbuzi?" Mama Syombua akauliza.

"Watatu. Bwana Wahome aliwaacha kwa babake Bi Ndila. Mwenyekiti, wewe ni Mkamba, sina haja ya kukufundisha. Tseikuru wanamwita mkwe."

"Ni mbuzi wa sherehe ya dada yangu," Wahome akasema. "Na ni wewe mzee uliyeniambia niwaache pale!"

"Mimi nilikuonyesha boma tu. Uso ulikuiva wewe mwenyewe, walioona wameniambia."

Hakuna aliyecheka. Mama Syombua alishusha miwani ncha ya pua. "Mbuzi tuwaache. Wahome, nakuuliza jambo moja na unijibu kama unavyomjibu mamako. Wewe na huyu binti, kuna kitu?"

Wahome akamtazama Ndila, akimwomba ruhusa, na Ndila alielewa vizuri ni ruhusa ya nini. Neno moja. Akisema hakuna, ni kura nne kwa tatu, na Kalondu analala ndani ya kuta nne. Ndila aliitikia kwa kichwa kidogo, kidogo sana, ndiyo, sema. Wahome akamgeukia mwenyekiti.

"Mama," akasema, "haku…"

"Kuna!"

Ndila aligeuka kuona ni nani aliyepiga kelele, kumbe ni yeye mwenyewe. Alikuwa amesimama na kiti kimeanguka nyuma yake. Alikuwa amempa ruhusa, na bado masikio yake yalikataa. Asikie mtu huyu akimkana, tena kwa mdomo ule ule uliosema ni mbuzi tu? Hapana. Hilo hakuliweza.

"Kuna, Mama. Tangu Juni. Mimi ndiye nilimwambia anyamaze. Alitaka kusema kila mwezi nikamzuia. Mbuzi hakujua maana yake, hiyo ni kweli. Lakini nampenda, na yeye… na yeye aseme mwenyewe."

"Nampenda," Wahome akasema.

Mama Syombua alivua miwani kabisa, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. "Tokeni nje," akasema kwa upole. "Na barua zenu za kujiuzulu nizipate kesho. Nawapenda wote wawili. Tokeni."

*

Waliketi kwenye benchi la mbao kwenye veranda. Nje Emali ilikuwa Emali, malori yananguruma na mama wa karanga anaita wateja.

"Nilikuwa naenda kukulindia zile nyumba," Wahome akasema.

"Najua."

"Na ulinikubalia."

"Nilikubali."

"Sasa mbona, Ndila?"

"Sikutaka kusikia." Machozi yalimtoka na akayaacha. "Uliniambia ni mbuzi tu. Nilikuwa nimefurahi, Wahome! Nusu siku nilikuwa bibi yako. Halafu nikusikie tena ukisema hakuna? Mbele ya Mbaluka?"

Wahome akamshika mkono, hapo hapo verandani, mchana kweupe, mahali kila mtu aliwajua.

"Mimi mbuzi sikuwajua," akasema. "Lakini wewe nakujua, na najua ninachotaka. Shiko nitamtafutia mbuzi wengine. Hao wakae pale pale kwa babako, kwa jina lao lile la Kikamba. Unanisikia? Nakuoa."

"Usiniambie hivyo kwa kunihurumia."

"Nakuhurumia nini? Umenifukuzisha bodi! Nakuambia kwa hasira."

Ndila alicheka na kulia pamoja. Mlango ukafunguka, akatoka Mzee Mbaluka, kofia mkononi kwa mara ya kwanza. Hakuwa na uso wa mshindi.

"Watatu kwa wawili," akasema. "Ni Mbumbuni." Alitaka kuondoka, akasita. "Na mimi nina watu wangu wanaonyeshewa, binti. Usifikiri nilikuwa nacheza."

Kicheko cha Ndila kilikuwa kimekwisha.

*

Jumamosi walifika Tseikuru pamoja. Bomani kwa Mzee Kiema walikuwa wamejaa majirani, maana habari ya kura ilitangulia nusu nusu, na kila mtu alitaka kuisikia yote. Kalondu alikuwa ameketi mwisho wa benchi, kitambaa safi kichwani. Ndila hakukubali mtu amsemee. Alisimama akawaambia: tulikuwa tushinde, tukashindwa, na sababu ni mimi. Nilificha, halafu nikasema wakati mbaya. Hakuna aliyemtukana. Afadhali wangemtukana.

Wahome naye akavua kofia. "Mzee, siku ile niliwaacha hawa mbuzi bila kujua. Leo najua. Ukiniambia niwachukue, nitawachukua na aibu ni yangu. Ukinikubalia, wazee wetu watakuja mwezi ujao kuongea jinsi inavyotakiwa."

Mzee Kiema aligeuka akatazama zizini. "Beberu yuko hai," akasema hatimaye. "Hatuchinji mpaka binti mwenyewe aulizwe. Ndila, tule ama tuwarudishe?"

Kabla hajajibu, Kalondu aliinuka, akajitengeneza leso, akaenda zake bila neno. Watu wakamtazama akipita langoni.

"Baba, nipe dakika," Ndila akasema.

Alimkuta amesimama mbele ya nyumba yake, anafunga turubai lililokuwa limelegea kwa upepo. Ndila akashika upande wa pili wa kamba. Walifunga kimya, mmoja huku, mwingine kule, mpaka turubai likakaza.

"Walikuuliza kama unamjua?" Kalondu akauliza.

"Walimuuliza yeye. Alikuwa anataka kusema hapana."

"Angesema hapana, ningejengewa?"

"Ungejengewa, mwaitu."

"Na ni wewe uliyemkatiza."

"Ni mimi."

"Kwa sababu uongo ni dhambi?"

Ndila alitamani kusema ndiyo. Lingekuwa jibu zuri, hata kanisani wangelipenda. Lakini huyu alikuwa mama aliyemnyonyesha, na alikuwa amechoka kuficha. "Hapana. Ni kwa sababu nampenda, na sikuweza kumsikia akinikana. Sikukufikiria wewe hata kidogo. Saa ile sikukumbuka uko duniani."

Kalondu alishika ukuta wake wa udongo kwa kiganja. Alikuwa na hasira, na hasira hiyo ilikuwa haki yake.

"Basi nisikilize, Ndila. Hiyo ndoa yako imejengwa kwa nyumba yangu. Umenisikia? Milango yangu iko humo, mabati yangu yako humo. Sasa usije ukaniletea habari mwaka kesho eti mmekosana, eti mama yake hakutaki, eti umerudi kwenu. Kaa humo. Zeekea humo. Ukiiacha, ndio utakuwa umeninyang'anya kweli."

"Nimesikia, mwaitu."

"Nenda. Babako anangoja."

Alirudi akitembea polepole, vumbi kwenye viatu, macho yamevimba. Watu walikuwa kama alivyowaacha, hata Wahome hakuwa ameketi. Ndila hakumtazama. Alimtazama babake.

"Tule, baba," akasema. "Na sahani ya kwanza mpelekeeni Kalondu."

Mbinya aliipeleka mwenyewe. Ilikaa huko muda mrefu mpaka Ndila akaacha kula, na ilipoletwa ilikuwa tupu, imeoshwa.